Masisi: Kupanga masomo ya fizikia Burungu, kati ya programu ya Kinshasa na radi ya milimani

Kila mwezi wa Septemba, mwalimu wa fizikia katika shule za sekondari za Masisi hutakiwa kumpa prefe wa masomo karatasi moja kabla ya kuandika neno lolote ubaoni. Ni mpango wa mwaka, ule ambao walimu huita previzioni: somo gani litafundishwa wiki gani, tangu siku ya kwanza ya masomo hadi mwezi wa sita. Inspekta akifika, hiyo ndiyo karatasi anayoomba kwanza, halafu jurnali ya darasa, halafu fishi za matayarisho. Pale Burungu, katika usultani wa Bashali, kwenye barabara ya Sake kuelekea Kitchanga, karatasi hiyo ni ngumu kuijaza kuliko sehemu nyingi za nchi. Mpango wa mwaka unadai mtu ajue mwezi wa tatu atakuwa wapi.

Kitchanga, mji mkubwa ulio karibu, uliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2023. Wakaaji wakakimbia kuelekea Mweso, wengine Sake na Goma. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule vita vikarudi, na vijiji vya barabara hiyo vikaona watu wakiondoka tena na magodoro kichwani. Goma yenyewe ikaanguka mwisho wa Januari 2025. Kwa mtoto aliyeanza darasa la saba katika miaka hiyo, fizikia ni somo alilolipata vipandevipande: sura ya kwanza hapa, sura ya tatu kule kambini, na sura ya pili hakuna aliyemfundisha.

Hapo ndipo kupanga masomo kunakuwa kazi nzito. Historia au jiografia mtu anaweza kuishika katikati na bado akaelewa kitu. Fizikia haikubali kirahisi. Mtoto ambaye hajashika vizuri maana ya mwendo atapotea kwenye kani, na aliyepotea kwenye kani hataelewa kazi wala nishati. Mwalimu wa Burungu anapokea darasani watoto arobaini wenye mapengo arobaini tofauti, na programu inamwambia aanze ukurasa wa kwanza wa mwaka wao kana kwamba wote walitoka darasa moja.

Programu yenyewe si mbaya. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilibadilisha masomo ya hesabu na sayansi kwa msaada wa mradi uitwao PEQPESU, ambao Benki ya Dunia iliukubalia dola milioni 200 mwaka 2015. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2018–2019, programu mpya zikaanza kuingia hatua kwa hatua, kwanza darasa la saba na la nane ya elimu ya msingi, kisha humanite. Zile sehemu za zamani ambazo wazazi wengi bado wanazitaja, Math-Physique na Biochimie, zikaunganishwa kuwa humanite za sayansi. Fizikia ikawekwa katika kundi moja na teknolojia na kompyuta. Walimu hulisoma kwa herufi zake tu, SPTTIC, na si wote wanaolipenda jina hilo.

Jambo jipya halikuwa jina bali njia. Zamani mwalimu aliandika kanuni ubaoni, wanafunzi wakanakili, kisha mazoezi. Programu mpya inataka kila somo lianze na hali ya maisha: kitu ambacho mwanafunzi amekiona, kinachomletea swali, na fizikia iingie kama jibu. Kila somo lina ukurasa wake wenye ujuzi wa lazima, uwezo unaotafutwa, mfano wa hali ya maisha, na vitendo ambavyo mwanafunzi mwenyewe atafanya. Katika karatasi, hilo ni zawadi kwa shule isiyo na maabara, maana hali za maisha hazinunuliwi. Tatizo ni kwamba mifano iliyochapwa imeandikwa kwa nchi nzima, na nchi hii ni kubwa. Mwalimu anayeinakili ilivyo anamweleza mtoto wa mlimani maisha ya mji ambao hajauona. Anayetafuta mifano yake mwenyewe anafanya kazi mara mbili, tena wengine ni wale walimu wapya wasio kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wanaoishi kwa kile wazazi wanachochanga.

Lakini mifano ipo, na mingine ni bora kuliko ya kitabu.

Chukua radi. Mwaka 2016 watafiti waliotumia vipimo vya satelaiti ya NASA vya miaka 16 walitoa orodha ya mahali panapopigwa na radi zaidi duniani. Namba moja ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela, mimuliko 233 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Namba mbili ni Kabare, Kivu Kusini, mimuliko 205. Butembo nayo imo katika kumi bora. Milima ya Kivu iko katika eneo ambalo dunia inalijua kwa umeme wa mawinguni kuliko karibu mahali pengine popote, na watoto wanaosoma chini ya mabati huko wanauogopa kila alasiri ya mvua. Wengi wao wamefundishwa nyumbani kwamba radi hutumwa na mtu mwenye chuki.

Mwalimu hahitaji kugombana na bibi ya mtu. Anahitaji saa ya simu. Mwanga unafika papo hapo, sauti inatembea karibu mita 340 kwa sekunde. Kutoka kumulika hadi ngurumo, ukihesabu sekunde 3, radi iko kilomita 1. Ukihesabu 30, iko kilomita 10, na huo ni umbali ambao tayari unatosha kuacha mpira na kuingia ndani, kwa sababu radi inayofuata inaweza kupiga ulipo. Baada ya ngurumo ya mwisho, watu hungoja dakika 30 kabla ya kurudi uwanjani. Darasa zima linaweza kuhesabu pamoja mvua inapokuja, likaandika namba, likaona wingu linakaribia au linaenda zake. Hapo mwendo, umbali na wakati vimefundishwa kwa siku moja, bila chaki nyingi.

Tena Masisi ni nchi ya ng'ombe, na kila mfugaji anajua kwamba radi ikipiga mti malishoni, ng'ombe wanakufa kadhaa na mchungaji pengine anapona. Watu wameeleza jambo hilo kwa namna nyingi. Fizikia inalieleza kwa hatua za miguu: umeme ukiingia ardhini unasambaa kutoka pale ulipopiga, na nguvu yake inapungua kadiri unavyokwenda mbali. Ng'ombe ana mita 1 na nusu hivi kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo tofauti ya umeme kati ya miguu yake ni kubwa, na unapita katikati ya moyo. Mtu aliyesimama miguu imebanana anapata tofauti ndogo. Ndiyo maana anayenaswa na radi porini huambiwa achuchumae na kubana miguu, wala asilale chini. Mwanafunzi akielewa hivyo, ameelewa tofauti ya potenshali, dhana ambayo wengi wa miji mikubwa hukariri tu bila kuiona.

Somo la umeme halipatikani katika kila darasa la programu. Hata hivyo saa moja ya radi inafaa kutangulia katika kila darasa mwezi wa Septemba, mvua zinapoanza. Hakuna inspekta mwenye busara atakayemlaumu mwalimu kwa saa hiyo.

Mfano wa pili uko barabarani. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba viazi, makaa na mbao kutoka milimani hadi Sake na Goma, ni maabara kamili ya mekanika. Mlima ni mteremko wa kuinama unaoonekana katika kila kitabu cha fizikia. Raba inayobanwa kwenye gurudumu la nyuma ni msuguano. Mzigo wa kilo 200 unaoshuka kwa kasi ni nishati ambayo lazima iende mahali fulani, na mwenye chukudu anajua inaenda wapi, maana raba inapata moto hadi kunuka. Goma walimjengea mwendesha chukudu sanamu. Katika vitabu vya fizikia bado anasubiri nafasi yake.

Mfano wa tatu uko jikoni. Maharagwe ya Masisi yanachukua muda mrefu kuiva, na akina mama wanaotoka bondeni huliona hilo mara moja. Katika mita 2000 juu ya bahari, maji huchemka karibu digrii 93, si 100, kwa sababu hewa ya juu inasukuma kidogo. Hata ukiongeza kuni, maji hayapandi zaidi ya hapo. Kuni zinaishia kwenye mvuke. Kifuniko kizito kinasaidia. Swali la kwa nini sufuria ya presha inaokoa kuni ni swali la mtihani na ni swali la pesa ya nyumbani kwa wakati mmoja.

Kuna pia coltan. Rubaya, katika wilaya hiihii, Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba hutoa kama asilimia 15 ya tantalamu yote ya dunia. Metali hiyo huingia katika kondensateri, vile vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji ndani ya simu. Sura ya kondensateri iko katika masomo ya umeme, na mara nyingi hufundishwa kwa mchoro wa mistari miwili sambamba. Mtoto ambaye kaka yake anachimba shimoni anastahili kuambiwa kwamba kile kinachotoka katika gunia la kaka ndicho kile kilicho kwenye mchoro. Angalau hapo atajua jirani zake wanauana juu ya kitu gani.

Ugumu mwingine hauonekani kwenye programu hata kidogo, nao ni lugha. Sekondari inafundishwa kwa Kifaransa, mtihani ni wa Kifaransa, lakini maelezo ya kweli darasani yanafanyika kwa Kiswahili, na Burungu pia kwa Kinyarwanda na Kihunde. Mwalimu anaandika Kifaransa ubaoni kisha anageuka na kusema «maana yake ni hivi». Katika kugeuka huko ndipo mambo yanachanganyika. Kifaransa kina maneno matatu, force, énergie na puissance, ambayo katika Kiswahili cha kila siku yote yanakuwa nguvu. Mwanafunzi anasikia kwamba nguvu ni nguvu mara wakati, na nguvu hiyo hupatikana kwa nguvu mara umbali. Hakuna akili inayoweza kupita hapo salama.

Hali ni hiyohiyo kwa masse na poids: vyote ni uzito. Gunia la maharagwe la kilo 50 lina masse ya kilo 50 popote litakapokwenda, lakini poids yake ni kama newton 490, na hiyo ni kani ambayo dunia inalivuta gunia. Mizani ya ndoano ya muuza nyama sokoni inapima kani kwa kuvuta springi, ingawa imeandikwa kilo. Ukiiweka mezani na kuieleza, unaokoa wiki mbili za kuchanganyikiwa.

Tanzania ilishapita njia hiyo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, na maneno kama kani, tungamo, mchapuko na msuguano yakapata makao. Mengi ya maneno hayo hayasikiki Masisi. Si lazima mwanafunzi wa Burungu ayakariri, maana Exetat haitamuuliza kwa Kiswahili. Lakini mwalimu anayepanga mwaka akiweka ukurasa mmoja wa maneno mwanzoni mwa daftari, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, akaamua kuanzia leo kwamba force ni kani, énergie ni nishati na nguvu inabaki kwa puissance peke yake, darasa litakuwa na lugha moja hadi mwisho wa mwaka.

Halafu linakuja swali ambalo hakuna anayependa kulijibu: nini kiachwe.

Hesabu yake ni rahisi na inauma. Tuseme darasa lina masaa 4 ya fizikia kwa wiki, na mwaka una wiki 34. Ni masaa 136. Wiki 8 zikipotea kwa milio ya bunduki, kwa barabara kufungwa au kwa shule kugeuzwa makao ya wakimbizi, yanabaki 104. Karibu robo ya mwaka imekwenda. Mwalimu asiyekata kitu mwanzoni atakatwa na vita mwishoni, na vita hukata sura za mwisho tu, bila kuangalia kama zilikuwa za maana. Afadhali kukata mwenyewe.

Walimu wenye uzoefu hawakati mada nzima, kwa kuwa mtihani wa serikali unaulizwa nchi nzima na hautamhurumia mtu kwa kuwa anatoka Masisi. Wanachokata ni marudio, hesabu ndefu zilizo sawa, na mambo ya kunakili. Kinachobaki kinawekwa katika vipande vya wiki mbili au tatu, kila kipande kikianza na kuisha chenyewe: mwendo, kani na uzito, presha na vitu vimiminika, joto, umeme. Mtoto akikimbia baada ya kipande cha pili, ameondoka na vitu viwili vizima badala ya kitu kimoja nusu. Wala si wavivu wanaofanya hivyo. Kuandika mpango wa aina hiyo kunachukua siku nyingi kuliko kunakili programu.

Vifaa vya majaribio havikatwi hata kama havipo. Mwaka 1948, baada ya vita vikuu vya dunia, UNESCO ilichapisha kijitabu cha J. P. Stephenson kwa walimu wa sayansi wa nchi zilizobomolewa na vita, shule ambazo maabara zao zilikuwa vifusi. Kutoka humo kilizaliwa mwaka 1956 kitabu kikubwa cha UNESCO cha kufundishia sayansi kwa vitu vya kawaida, kilichotafsiriwa katika lugha nyingi. Ulaya ya wakati huo ilikuwa na tatizo lilelile la Bashali ya leo, na jibu lilikuwa makopo, nyuzi na chupa.

Uzi wa mita 1 na jiwe ncha moja: likiachwa kuyumba, kwenda na kurudi mara 10 kunachukua sekunde 20 hivi. Darasa limejitengenezea saa. Badilisha jiwe kwa jiwe zito, sekunde hazibadiliki, na hapo mabishano yanaanza. Sindano mbili mpya za farmasi bila ncha, moja nyembamba na moja nene, zilizounganishwa kwa mpira wa serumu na kujazwa maji, zinaonyesha namna kidole kidogo kinavyoshinda kidole kikubwa, na ndivyo breki za lori zinavyofanya kazi. Maziwa yaliyoongezwa maji yanaweza kugunduliwa kwa kijiti chenye uzito kidogo chini kinachoelea, maana maziwa safi ni mazito kuliko maji kwa asilimia 3 hivi. Katika nchi inayouza jibini hadi Kinshasa, hilo ni jaribio lenye wateja.

Simu nazo zimeingia. Kuna programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha Aachen huko Ujerumani na kutolewa mwaka 2016, inayogeuza simu kuwa kifaa cha kupima sauti, mchapuko na sumaku. Ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Simu moja ya mwalimu kwa darasa zima inatosha, mradi chaji ipo, na chaji Burungu ni swali la sola na la jua la asubuhi, kwa hiyo masomo ya simu yanapangwa kabla ya saa ambayo mawingu hufunga.

Waziri wa elimu wa kitaifa tangu 2024, Raïssa Malu, ni mwanafizikia, na ndiye aliyeanzisha Wiki ya Sayansi huko Kinshasa miaka kumi kabla ya hapo. Jiji hilo lina historia yake katika somo hili: mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, Trico, kiliwashwa katika chuo kikuu cha Lovanium. Kutoka Lovanium hadi Burungu ni mbali kwa kila namna ya kupima. Hata hivyo swali la shule ya Burungu linaweza kujibiwa na wizara bila fedha nyingi. Mwanafunzi anayehama leo anapewa bulletin yenye pointi. Inaonyesha alipata 60 kwa mia katika fizikia, wala haisemi katika sura zipi. Shule inayompokea Sake, Goma au Mweso inaanza kukisia.

Mpango wa vipande unaruhusu kitu kingine: karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya jalada la daftari la kila mwanafunzi, yenye orodha ya vipande vya mwaka na mahali pa mwalimu kuweka sahihi na tarehe kila kimoja kinapokwisha. Familia inapokimbia usiku, bulletin hubaki ofisini kwa prefe, nayo ofisi mara nyingi huchomwa au kuporwa. Daftari huenda na mtoto. Mwalimu wa pale atakapofika anafungua jalada, anaona mwendo umekwisha tarehe 14 Oktoba, kani na uzito tarehe 9 Novemba, presha haijaguswa, na anajua Jumatatu aanzie wapi.